Fupi, Ndefu na Kiti cha Safu ya Pili

Jumatatu, 6 Oktoba

Barua imefika kutoka chuo cha uuguzi. Karatasi mbili, na kadi ya mwaliko yenye jina langu lililokosewa herufi moja. Binti yangu anahitimu Jumamosi ya tarehe 18. Nesi! Kila mhitimu amepewa viti viwili tu: kimoja cha mama yake, kimoja changu. Safu ya pili, kiti namba saba. Nilisimama katikati ya studio nikajiona mtu.

Halafu nikafika mwisho wa karatasi ya kwanza. Fleshi haziruhusiwi ukumbini. Picha zote rasmi zitapigwa na studio ya... Sikumaliza. Hiyo studio naijua. Ni ya Bwana Upole.

Bwana Upole ni mume wa mama wa binti yangu. Hilo jina nimempa mimi, na si sifa. Hapandishi sauti, hakasiriki, kila mwanamume kwake ni kaka. Mtu wa namna hiyo utamchukiaje hadharani? Inabidi umchukie ukiwa peke yako, kwa bidii. Alinichukulia mke, akanichukulia wateja wa harusi, na sasa ananichukulia mahafali ya mtoto wangu. Mama yake husema kwamba aliondoka kwangu miaka miwili kabla hajamjua huyo bwana. Hayo ni mambo ya tarehe. Mimi nazungumzia haki.

Karatasi ya pili sikuisoma. Ya kwanza ilikuwa imenitosha.

Nimeamua. Siendi kule kukunja mikono kwenye kiti kama mgonjwa anayengoja namba yake. Nitampiga binti yangu picha ambayo Bwana Upole akiona tu, ataweka kamera yake chini. Kinachonikwamisha ni lenzi. Hii yangu kuukuu ya kuvuta na kurudisha, penye mwanga hafifu inaona kama mimi bila miwani. Lazima ninunue.

Jumanne, 7 Oktoba

Dukani tangu lilipofunguliwa. Muuza kamera namwita Profesa, maana hajibu swali bila kwanza kuvua miwani na kuipangusa. Nikamwambia nina kazi kubwa, ukumbi wa giza, wageni wazito. Akapangusa. Akatoa lenzi mbili, akaziweka juu ya kitambaa kama mtu anayeonyesha pete.

Moja ni ya milimita 35, fupi, nyepesi, inaona upana. Nyingine ni 85, ndefu, nzito, inaona mbali na kuyeyusha kila kilicho nyuma ya mtu. Zote hazivuti wala hazirudishi. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, unakwenda kwa miguu yako. Nimeshazipa majina: Fupi na Ndefu.

Nikauliza ipi ni bora. Profesa akasema si suala la ubora, bali utakuwa karibu au mbali na unayempiga. Nikamwambia hilo ni langu. Akasema, sawa mzee wangu, hata mimi nimeuliza kwa sababu ya lenzi.

Hapo nikamchezea akili. Nikamwambia siwezi kununua mbuzi ndani ya gunia. Anipe Fupi leo, niibadilishe kwa Ndefu Jumamosi, kisha nitachagua. Nimeacha lenzi yangu kuukuu na taa zangu mbili kama dhamana. Kwa hiyo wiki nzima natumia lenzi mpya za watu, bure! Nilitoka pale natembea kwa vidole.

Baadaye nikakumbuka kwamba bila taa siwezi kupiga picha za paspoti. Nitatumia mwanga wa mlangoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Majaribio ya Fupi. Kwa utaratibu wa kitaalamu.

Lenzi hupimwa kwa maandishi madogo. Ukibandika karatasi ukutani ukaipiga, unaangalia herufi za katikati na za pembeni kama zina ukungu. Nilitafuta karatasi iliyojaa maandishi nikaona ile ya pili ya barua ya chuo. Safi kabisa! Imejaa kutoka juu mpaka chini. Nimeibandika, nimeipiga mara arobaini, nimeikuza kwenye kompyuta mpaka herufi moja inajaza kioo. Katikati, wembe. Pembe ya chini kulia kuna neno "wazazi" ambalo "z" yake imevimba kidogo. Nimeandika kwenye daftari: z, udhaifu.

Kisha majaribio kwa binadamu. Jirani yangu wa mlango wa pili ni fundi cherehani. Mimi na mtaa mzima twamwita Mama Cherehani. Nikamwomba akae. Fupi inataka usogee, nikasogea. Nikasogea tena. Akauliza kama nataka kumpiga picha au kumpima homa. Nilipomwonyesha picha, aliishika pua yake. Kisha akasema ana pua ya kawaida, alizaliwa nayo, haijawahi kulalamikiwa na mtu, na hii niliyompa ni kiatu. Akarudi kwenye mashine yake. Alishona mchana kutwa kwa hasira, nilimsikia kupitia ukutani.

Mteja wa paspoti wa jana naye amerudi. Ofisini wamemkatalia. Wamesema huyu kwenye picha si yeye, labda ni kaka yake aliyenona. Nimempiga nyingine, nikarudi nyuma hatua mbili. Sasa anaonekana mdogo kama yuko ndani ya birika. Amechukua hivyo hivyo, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Binti yangu alipita mchana. Anashonewa sare kwa Mama Cherehani, akaona aje anisalimie. Shikamoo, Baba. Marahaba. Amekonda. Amekata nywele, zimekaa karibu na kichwa, shingo imeonekana. Uso wake ule mwembamba, mwanga wa mlango unaingia upande mmoja... Bahati iliyoje! Nikamwambia akae pale pale.

Akakaa. Alifurahi, akadhani nina hamu naye. Nilikuwa nayo, ila pia nilihitaji kujua Fupi inafanyaje kwenye shavu la mtu wa karibu. Akaanza kuongea: mtihani wa mwisho, wodi ya watoto, mwenzake wa chumbani anayekoroma. Nikamwomba asitingishe midomo. Akanyamaza. Akataka kusema jambo kuhusu siku ya mahafali. Nikamwomba ainue kidevu. Mwishowe akauliza, kidevu kikiwa juu:

"Baba, ile barua umeisoma lakini?"

Nikamwambia nimeisoma mpaka kwenye pembe. Ni kweli tupu. Nani mwingine ameitazama barua ile kama mimi?

Akatabasamu. Akasema basi, kama nimeisoma yametosha, alikuwa na wasiwasi tu. Hilo tabasamu nimelipata, lakini nilikuwa karibu mno, sikio moja limetoka nje ya picha.

Fupi: picha ina uhai, ina joto, ila inakulazimisha usimame mbele ya mtu akuone unavyomtazama. Nimeandika: usumbufu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimebadilisha. Ndefu iko mkononi! Nzito kama nyundo. Profesa alitaka kujua nimeionaje Fupi, nikamwambia haina adabu.

Tatizo. Studio yangu ina urefu wa hatua nne. Ndefu inataka hatua saba ili mtu aingie kichwa na mabega. Nilitafakari. Kisha nikapata akili: mteja abaki ndani kwenye kigoda, mimi nivuke barabara, nimpige kupitia mlangoni kutoka kule kwenye duka la magodoro.

Mteja wa kwanza, mama mwenye haraka. Nikamkalisha, nikamwambia asitikisike, nikatoka. Nikavuka. Lori likasimama katikati yetu kushusha magodoro. Lilipoondoka, kigoda kilikuwa kitupu. Mama yule alimwambia Mama Cherehani kwamba mpiga picha amemkimbia.

Mteja wa pili alivumilia. Picha yake, jamani! Uso umetulia, kila kitu nyuma kimeyeyuka kama siagi, hata yale madoa ya ukuta ambayo nimeshindwa kuyapaka rangi tangu mama wa mtoto aondoke. Niliitazama nikasahau kumpa chenji.

Hii ndiyo lenzi. Unasimama upande wa pili wa barabara na bado mtu ni wako.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwenda kumpeleleza adui.

Studio ya Bwana Upole iko ghorofani, ina vioo mpaka chini na ngazi iliyosafishwa. Nikajificha upande wa pili, nyuma ya ubao wa tangazo, nikamlenga kwa Ndefu nijue anatumia kifaa gani. Nilimpata sawasawa: ameinama, anampangusia mtoto wa mteja makamasi kwa leso yake mwenyewe. Kujionyesha! Nikapiga. Alipoinua kichwa alitazama moja kwa moja ndani ya lenzi yangu. Akapunga mkono.

Ningekimbia, ila goti. Akashuka na vikombe viwili vya chai, akavuka barabara, akanipa kimoja nyuma ya lile tangazo. Hakuniuliza ninafanya nini pale. Hiyo ndiyo dharau yake. Akaitazama Ndefu, akaisifu, akasema yeye anayo hiyo na ile 35 pia, zimekaa tu kabatini, sasa kwa nini nihangaike kununua?

"Chukua zangu, kaka. Zote mbili. Ni siku ya mtoto wetu."

Wetu! Chai ilinipalia mpaka machozi yakanitoka, naye akanipiga mgongoni taratibu. Nikamjibu kwamba asante, mimi ni mtu wa kununua. Akasema sawa. Kisha akanipa tusi la mwisho kwa sauti ile ile ya kubembeleza mtoto: Jumamosi nisijichoshe na kamera, nitulie, yeye atanipiga vizuri nikiwa pale juu.

Pale juu! Najua anamaanisha wapi. Ukumbi ule una roshani nyuma, viti vibovu, wanakowekwa madereva na watu wasio na kadi. Ananitoa safu ya pili, ananipeleka na madereva! Nilimrudishia kikombe kikiwa na chai nusu. Aone.

Njiani hasira ikageuka mpango. Roshani. Juu. Mbali. Ndefu! Bwana Upole atakuwa amebanana chini na migongo ya watu, mimi niko juu yake kama mwewe. Amenionyesha njia mwenyewe bila kujua.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekagua ukumbi. Nilimwambia mlinzi wa mlangoni kwamba mimi ni fundi wa feni. Akasema vizuri, zimeharibika tatu, nianze na ile ya kushoto. Nikakaa juu ya ngazi nusu saa nikigusa nyaya na kutoa sauti za mtu anayefikiri. Feni ya kushoto sasa haizunguki kabisa, na hapo mwanzo ilikuwa inajaribu.

Ikabidi nimwambie ukweli, au kitu cha jirani na ukweli: mimi ni mpiga picha, nahitaji roshani. Imefungwa siku hizi, akasema, mbao zimelegea. Nikamwahidi paspoti nne bila malipo, yeye na mkewe. Roshani ikafunguka.

Vipimo. Kutoka kiti namba saba mpaka jukwaani ni hatua tano. Ukikaa pale, Fupi inachukua jukwaa lote, na kila aliye jukwaani anakuona wewe vilevile. Kutoka roshani, Ndefu inamchukua mtu kutoka kofia mpaka kiunoni, nyuma yake pazia jekundu linayeyuka. Kushuka chini ni vidato ishirini na viwili na mlango mmoja mzito. Nimeandika yote.

Uamuzi umefanyika. Saa tisa alasiri nimenunua Ndefu. Profesa amechukua lenzi yangu kuukuu na taa zangu zote mbili, akanipa na kitambaa cha kupangusia. Akauliza, huku akipangusa miwani, kama nina hakika, kwa sababu lenzi moja tu ni lenzi moja tu. Nikamwambia kwamba mwanamume huchagua. Akasema karibu tena.

Mama Cherehani ameniuliza sasa paspoti nitapiga na nini. Watu na majungu yao.

Ijumaa, 17 Oktoba

Shati limepigwa pasi. Betri mbili, zimejaa. Ndefu nimeipangusa mara sita.

Ujumbe wa binti yangu: Baba kesho uje mapema, ukae kiti chako namba saba, tafadhali sana. Nimejibu: usiwe na shaka, nitakuwa mahali pazuri kuliko watu wote. Akatuma moyo mwekundu.

Mama Cherehani amegonga ukuta akaniambia nikalale.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika nimevaa shati lile lile.

Nilifika kabla ya wote. Nikaweka kadi yangu juu ya kiti namba saba ili kisichukuliwe, nikapanda. Mbao zilikuwa zimelegea kweli. Nikalala kifudifudi, Ndefu nikaipitisha katikati ya nguzo za ukingo. Ukumbi ukajaa. Mama yake akaingia, gauni la bluu, akakaa namba sita. Akaitazama kadi yangu, akatazama mlango, akatazama saa. Namfahamu mtazamo huo. Nilipiga picha mbili.

Bwana Upole alikuwa chini mbele ya jukwaa, amepiga goti, anafanya kazi yake. Nilicheka kimoyomoyo. Migongo mitupu atapata!

Wahitimu wakaingia kwa mstari. Nyeupe tupu. Binti yangu alikuwa wa tisa. Sare ya Mama Cherehani imemkaa kama imemwagwa juu yake. Nikamvuta kwa jicho mpaka akajaa kwenye kioo, na pazia likayeyuka nyuma yake kama nilivyopanga. Niliwaza kwamba sasa Bwana Upole amekwisha.

Halafu mkuu wa chuo akaanza kuita. Akaita mhitimu wa kwanza kwa jina, kisha akasema mama na baba wapande. Wakapanda. Baba akashika beji, mama akashika kola, wakambandika mtoto wao, ukumbi ukapiga makofi. Nikadhani ni huyo tu, labda ameongoza. Akaitwa wa pili. Mama na baba. Wa tatu. Wakapanda.

Mstari ule wa chini wa karatasi ya pili ukanijia wote, herufi kwa herufi, jinsi nilivyoukuza kwenye kompyuta. Wahitimu watavalishwa beji jukwaani na wazazi. Neno la pembeni kabisa. Nilikuwa nimeangalia z tu.

Pale juu. Jukwaani! Yule bwana alimaanisha jukwaani.

Wa nne. Wa tano. Vidato ishirini na viwili na mlango mmoja mzito. Nilikuwa na muda. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilikuwa na muda. Niliinua goti moja. Lakini nikiondoka pale picha nani ataipiga? Bwana Upole? Nikasema akifika wa saba nitashuka. Akafika wa saba. Nikasema nipate moja tu kwanza.

Jina lake likaitwa, na jina langu nyuma yake, maana bado anatumia langu. Mama yake akasimama. Namba saba, kadi yangu. Binti yangu alikuwa juu jukwaani na mikono imeshuka ubavuni, akatazama kile kiti, akatazama mlango mkubwa, akatazama safu moja baada ya nyingine kutoka mbele kwenda nyuma, bila haraka, kama anavyotazama nesi vitanda. Kwenye Ndefu nilimwona kama yuko mezani kwangu. Mdomo ulifunguka kidogo. Ningeita jina lake angenisikia. Ukumbi mzima ulikuwa kimya.

Nilipiga. Ilikaa.

Mkuu wa chuo akakohoa. Mama yake akageuka akasema kitu kwa chini. Bwana Upole akasimama, akaweka kamera yake chini, juu ya kiti changu, juu ya kadi yangu, akajipangusa magoti na akapanda. Hakuwa na koti. Ile beji aliishika kwa ncha za vidole, nililiona hilo vizuri sana, Ndefu haifichi kitu. Mama akashika kola. Binti yangu akamtazama yule bwana, kisha akacheka na kulia kwa pamoja, kama alivyokuwa akifanya utotoni ukimnyanyua ghafla.

Mpiga picha rasmi akiwa jukwaani, ukumbini hapakuwa na kamera nyingine iliyoinuliwa ila yangu. Nimepata kumi na nne. Ya tisa ndiyo picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga maishani mwangu.

Nilishuka walipokuwa wanatoka. Mlango ule kweli mzito. Binti yangu akaniona na vumbi kifuani kutoka shingoni mpaka mkandani. Nikamwambia nilikuwa juu. Akasema, "Juu wapi, Baba?" Nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama roshani kwa muda mrefu kidogo. Bwana Upole akaniomba radhi! Alisema hakujua la kufanya, mtoto alikuwa amesimama peke yake. Nikamwambia asijali. Ningemwambia nini?

Jumatatu, 20 Oktoba

Binti yangu amekuja studio. Nilikuwa nimeziandaa kwenye kompyuta kwa mpangilio. Alizipitia moja moja. Alipofika kwenye ile ya peke yake, mdomo wazi kidogo, akasimama.

"Hapa nilikuwa nakutafuta."

Nikamwambia, tazama macho. Yote mawili yana fokasi! Kwa umbali ule, kwenye mwanga ule, bila fleshi. Kope unaweza kuzihesabu. Bwana Upole na vioo vyake vyote hana picha kama hiyo.

Cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza, nilijua mwenye nayo anasikiliza. Baadaye binti yangu akasema ni kweli, picha ni nzuri. Akachagua ile ya tisa, ya beji. Anaitaka kubwa, yenye fremu, itundikwe sebuleni kwa mama yake. Nilipendekeza niikate kidogo upande wa kulia, ibaki yeye na mama yake tu, ingependeza zaidi. Akasema hapana, Baba, waache wote.

Mlangoni akageuka. Amepata chumba karibu na hospitali, ghorofa ya pili, kina dirisha kubwa. Jumamosi nije tule mchana, mimi na yeye tu. Kamera nisije nayo. Alisema hivyo akinishika mkono wa shati, pale penye kifungo.

Nikamwahidi.

Mama Cherehani aliingia dakika moja baadaye akaniambia kwamba mimi ni mtu wa kuchapwa. Nilimwambia hajui chochote kuhusu lenzi.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimeichapa ile picha, kubwa. Nimeitazama siku nzima nikatafuta kosa, na nimelipata.

Nilikuwa karibu mno! Hilo ndilo. Kama ningekuwa mbali zaidi, tuseme nje kabisa, dirisha la jengo la jirani, nisingeweka kadi kwenye kiti, kiti kingepewa mtu mwingine, na binti yangu asingetafuta mtu. Kila kitu kingekwenda sawa. Ndefu si ndefu.

Profesa alipangusa miwani muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akafungua kabati la chini. Ipo 135, ndefu kuliko Ndefu. Nikamwambia siwezi kununua kabla sijalinganisha. Ameniachia mpaka Jumatatu, nimeacha kompyuta kama dhamana.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandika kwenye paa la jengo linalotazamana na chumba cha binti yangu. Paa ni bapa, kuna tangi la maji la kuegemea. Nimekwenda kinyume cha ahadi? Sivyo. Alisema nisije na kamera chumbani, na chumbani nitaingia mikono mitupu. Kamera itabaki hapa, nimeshampata mlinzi wa jengo, naye anataka paspoti nne.

Dirisha ni kubwa kweli. Ameweka kitambaa mezani, sahani mbili, glasi mbili. Kwa Ndefu, meza na nusu ya ukuta vinaingia. Kwa 135, ni yeye tu kuanzia kifuani, na dirisha lenyewe limeyeyuka kama halipo. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Tumepatana saa saba. Sasa ni saa saba na dakika ishirini, lakini jua ndiyo kwanza limegusa shavu lake la kushoto.

Simu inatetemeka mfukoni. Ni yeye, namwona ameishika sikioni. Nikipokea nitatikisa kamera.

Ameiweka chini. Amesimama, amechukua sahani nyingine, ameifunika nayo ile ya kwangu. Ngoja niipate hiyo kwanza, kisha nashuka.